Kutoa na Kubaki

Jumatatu ile Zachariah alipochora mstari katikati ya ubao, akaandika KUTOA upande wa kushoto na KUBAKI upande wa kulia, hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Kuuliza si ujinga, kila mtu anajua, lakini kuuliza kwa Kiswahili tupu mbele ya watu wenye digrii ni kazi nyingine kabisa. Na wiki hiyo Kiingereza kilikuwa kimepigwa marufuku mkutanoni. Atakayeteleza akatamka neno moja angewanunulia wenzake mandazi. Kufikia saa nne asubuhi Becky alikuwa ameteleza mara tatu na watu walikuwa wameshiba.

Marufuku yenyewe ilikuwa na sababu. Watu hao wanne, katika chumba kimoja cha ghorofani juu ya kinyozi, hatua chache kutoka maduka ya Adams Arcade, walikuwa wakitengeneza programu ya kompyuta iitwayo Tabaka. Kazi ya Tabaka ni kuchukua vipimo vya wataalamu wa miamba na maji, namba kavu zisizo na ladha, na kuzigeuza picha. Unaiona ardhi imekatwa kama mkate: udongo juu, mwamba chini, na maji yaliyojificha katikati yanang'aa buluu. Toleo la kwanza lilikuwa mikononi mwa wateja tayari. Toleo la pili lilipaswa kutoka Ijumaa saa nne, na mteja mkubwa, ofisi ya maji ya kaunti moja kavu huko mashariki, alitaka kila neno kwenye skrini liwe la Kiswahili. Zachariah, mwenye kampuni, akasema watu hawawezi kuandika lugha wasiyoizungumza. Yeye mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia na taarifa ya habari, lakini bosi ni bosi.

Nasimiyu alitazama ubao akaona neno moja tu. Chini ya KUTOA, la kwanza kabisa, lilikuwa: Ukungu.

Miezi minane ya maisha yake ilikuwa ndani ya neno hilo. Kabla hajajifunza kompyuta, Nasimiyu alikuwa kibarua wa watafiti huko Bungoma, kazi yake kutumbukiza kamba ndani ya visima vya watu na kusoma maji yako umbali gani. Alijua kwa miguu yake kwamba kati ya kisima na kisima kuna ardhi ambayo hakuna mtu amewahi kuipima. Lakini picha ya Tabaka haikujua hilo. Ikipewa visima viwili vilivyoachana kwa mwendo wa siku nzima, ilijaza buluu katikati bila aibu, na mtu akiiona angeapa kwamba chini ya miguu yake kuna mto. Ndipo akabuni Ukungu. Palipopimwa, picha ilikuwa safi. Kadiri ulivyosogea mbali na vipimo, ukungu wa kijivu ulizidi kuifunika, mpaka mahali ambapo huoni kitu. Ilikuwa ni kompyuta inakiri kwamba haijui.

Alifurahi kuuona ubaoni kiasi cha kumwagia chai daftari lake. Ungetoka Ijumaa, na mtu wa maji akitaka kuchimba angejua wapi anaona na wapi anakisia. Hakutaka kingine.

Jumanne asubuhi alifungua ghala. Ghala ndilo jina walilolipa mahali pamoja kwenye mtandao ambapo kila mmoja huweka kipande chake cha kazi, na mwenye funguo za ghala alikuwa Wesonga, ambaye ndiye hukusanya vipande vyote na kuvifanya toleo moja. Nasimiyu alizungusha picha kushoto, akaizungusha kulia. Safi. Buluu kila mahali, buluu ya kujisifu. Ukungu haukuwamo.

Akaenda kusoma kumbukumbu za ghala, ambako kila anayegusa kitu huacha maneno mawili matatu ya maelezo. Wesonga alikuwa ameandika jana jioni: *Ukungu, nimetoa kama tulivyokubaliana.*

Nasimiyu aliyasoma maneno hayo mara nne. Ametoa kama tulivyokubaliana. Mbona basi haupo? Akajiambia mashine imekosea, mashine hukosea. Akaurudisha Ukungu mahali pake, akauona umelala vizuri juu ya mabonde, na chini yake akaandika kwa adabu: *Ukungu ulikuwa haujatoka. Nimetoa upya.*

Jumatano asubuhi haukuwamo tena. Kumbukumbu ya Wesonga ilisema: *Asante. Ulikuwa bado umebaki, nimetoa tena.*

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Mtu anakushukuru kwa maandishi, anasema amefanya ulichotaka, halafu unafungua mlango unakuta amefanya kinyume. Kama angekuwa mtu mwingine Nasimiyu angesema huyu ana yake. Lakini Wesonga hakuwa mtu mwingine. Alikuwa wa ukoo wa mama yake, ndugu wa mama kabisa kwa hesabu za nyumbani, na ndiye aliyempeleka kwa Zachariah kuombewa kazi. Alimwita kocha, kama Wabukusu wanavyomwita mjomba wa upande wa mama, na Becky, mtu wa mtaa wa Kabiria hapo mjini aliyezaliwa na kulelewa huko huko, kwa mwaka mzima alidhani Wesonga aliwahi kufundisha mpira. Mtu hamkabili kocha wake na kumwambia unaniharibia kazi. Mtu humeza mate.

Akaurudisha Ukungu mara ya pili.

Na haikuwa Ukungu tu. Chini ya KUBAKI, Zachariah alikuwa ameandika: *Rangi za zamani.* Becky, aliyekuwa akishughulikia rangi na kitabu cha maelezo, alizitupa rangi za zamani, akaweka mpya. Wesonga akazirudisha za zamani. Zile mpya hazikuwa zimeondoka. Mchana wa Jumatano rangi mbili zilikaa moja juu ya nyingine na maji ya kaunti nzima yakageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Nani ameweka hizi colours?" Becky akauliza.

"Mandazi," Zachariah akasema bila kuinua macho.

Saa tisa walikutana mbele ya ubao. Zachariah, mtu wa Riruta, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuivua miwani yake kila linapokuja jambo gumu, alikuwa ameivua tayari.

"Mambo ya kutoa yanakwendaje?"

"Ukungu nimetoa," Wesonga akasema.

"Mimi pia nimetoa," Nasimiyu akasema, akimtazama.

"Vizuri sana," Zachariah akasema. "Na ya kubaki?"

"Nimeyabakisha yote," akasema Wesonga.

"Hata mimi nimeyabakisha," akasema Becky, "lakini yananiletea shida."

"Yaliyobaki yabaki," Zachariah akahitimisha, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayefunga ibada. Mkutano ukaisha. Kila mmoja alirudi kwenye meza yake akiwa amekubaliana na wenzake kwa kila neno, na hakuna hata mmoja aliyeelewa kwa nini picha ilikuwa inaonekana vile.

Nasimiyu alikaa na kujiuliza kama ameanza kuugua. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema moyoni, halafu akaona haya kwa kumfikiria kocha hivyo. Wesonga alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Shati lake hulipiga pasi hata kola kwa ndani. Angekuwa na kinyongo angekisema, kwa mafumbo ya kizee, lakini angekisema.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. Walikuwa wawili tu pale kwenye birika la chai, kinyozi wa chini akiwa amefungulia redio mpaka sakafu inanguruma.

"Kocha," alisema taratibu, "si Ukungu uliutoa?"

Wesonga aliweka kikombe chini. Alimtazama kwa macho ya huruma ambayo Nasimiyu hakuyatarajia hata kidogo.

"Niliutoa, mpwa wangu. Nimeutoa mara tatu. Najua ni ngumu, lakini wewe pia usiwe unarudi rudi pale. Wacha ilale."

"Ilale?"

"Kazi nzuri haipotei. Siku yake itafika. Pole sana."

Akampigapiga begani, akaenda zake. Nasimiyu alibaki ameshika kijiko. Pole ya nini? Mtu hutoa kazi yake kwa mara ya kwanza duniani, watu humpa hongera. Jioni ile alirudi Kabiria na hiyo pole kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenyewe asiyemjua, akailaza kitandani pembeni yake, na kulipokucha ilikuwa bado ipo.

Ijumaa, saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya toleo, Becky alikuwa anamalizia tangazo la kuwatumia wateja. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti anachoandika.

"Sikilizeni kama imekaa poa. *Wapendwa wateja, katika toleo hili la pili tumetoa Ukungu.*"

"Hapo sawa," akasema Wesonga. "Wajue mapema."

"Ni sawa kabisa," akasema Nasimiyu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Basi kumbe kocha yuko pamoja naye. Basi ni mashine.

"Haya. Sasa niweke picha gani hapo chini? Yenye ukungu ama isiyo na ukungu?"

"Yenye," akasema Nasimiyu.

"Isiyo," akasema Wesonga, papo hapo, kwa pumzi moja.

Walitazamana. Redio ya kinyozi ilikuwa inatangaza bei ya viazi.

"Kocha," akasema Nasimiyu, "si umesema tumetoa?"

"Ndiyo. Tumeutoa. Kama vile unatoa jiwe kwa mchele. Utaonyeshaje kitu umetoa?"

"Si kutoa hivyo. Kutoa." Alitafuta neno, mikono ikisukuma hewa kwenda mbele. "Kama gazeti. Gazeti linatoka. Kitu kinatoka kinaenda kwa watu."

Wesonga aliondoa mikono kwenye kibodi. Akageuka taratibu kuutazama ubao, na Nasimiyu akaona macho yake yakienda kushoto, KUTOA, kisha kulia, KUBAKI, kisha kushoto tena.

"Na kubaki?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Si kubaki ndani?"

"Kubaki nyuma," akasema Becky. "Kutoingia toleo la pili. Mimi niliisoma hivyo." Akashika kichwa. "Yaani hii board unaweza kuisoma yote vizuri, na unaweza kuisoma yote kinyume."

Hakuna aliyedai mandazi.

Nasimiyu alitaka kucheka na alitaka kulia. Siku nne! Siku nne watu wazima wawili wa ukoo mmoja wameng'oa na kupanda, wameng'oa na kupanda, na kila mmoja akimwandikia mwenzake asante. Neno moja la Kiingereza, la kuweka ama la kuondoa, lingemaliza jambo hilo Jumatatu kwa bei ya mandazi. Wesonga alikuwa ameanza kucheka kweli, machozi yakimtoka, akisema pole tena, safari hii pole iliyoeleweka.

"Tumwulize mwenye ubao," akasema Becky.

Zachariah alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua amesimama hapo tangu saa ngapi. Miwani ilikuwa mkononi.

"Boss," akasema Wesonga akijifuta macho, "ulipoandika kutoa, ulimaanisha ipi? Tuweke ama tuondoe?"

Zachariah aliangalia ubao kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine.

"Nilimaanisha kutoa," akasema.

"Ipi sasa?"

Akaifuta miwani kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. Na hapo Nasimiyu aliacha kucheka, kwa sababu alimwona mtu ambaye hakuwa amechanganyikiwa. Wao watatu walikuwa wamechanganyikiwa. Zachariah alikuwa amejificha.

"Wiki iliyopita Bwana Muindi alinipigia," alisema mwishowe. Muindi ndiye ofisa wa maji wa kaunti, mteja mwenyewe. "Niliwatumia picha ya majaribio. Akasema hataki kuona ukungu. Wakubwa wake watauliza wamelipia nini, picha ama moshi. Nikamwambia tutautoa." Akaivaa miwani, akaivua. "Halafu nikakumbuka nimemwahidi Nasimiyu kuwa utaingia. Nikaandika hivyo hivyo. Neno lilikuwa linatosha wote wawili. Nikafikiri mpaka Ijumaa nitakuwa nimeamua."

"Na umeamua?" Nasimiyu akauliza. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa tulivu.

"Sijui. Aki sijui. Muindi akiondoka, mishahara ya hapa sijui itatoka wapi. Na wewe pia unasema ukweli."

Alikuwa na hasira naye, na alimwonea huruma, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kifuani mwake bila kusukumana. Miezi minane alikuwa amefanya kazi ili kompyuta iweze kusema sijui. Na hapa palikuwa na mtu mzima aliyeandika fumbo ubaoni ili asilazimike kusema neno hilo hilo.

Wesonga aliinuka kwenye kiti chake, kiti cha mwenye ghala, akakivuta nyuma.

"Mimi huwa nafanya nilichoambiwa," alisema. "Lakini sikuambiwa kitu. Kuja ukae, ubonyeze mwenyewe."

Zachariah hakukaa. Wakati huo huo simu yake ililia mkononi, na wote waliliona jina. Saa nne kasoro dakika tano. Akaipokea, akaiweka sauti ya nje kwa sababu mkono mmoja ulikuwa unashindana na miwani.

"Bwana Muindi, habari ya asubuhi. Ndiyo, tuko tayari. Ndiyo, ndiyo." Akaupa ubao mgongo. "Ule ukungu? Ule ukungu, mzee, tumeu..." Chumba kizima kilisimama juu ya neno hilo. "Tumeuacha."

Becky alifunika uso kwa mikono miwili. Hata hilo lilikuwa na njia mbili.

"Mmeuacha vipi?" ikauliza simu.

Nasimiyu hakukumbuka baadaye kama aliomba apewe simu. Alikumbuka tu uzito wa simu kwenye kiganja chake, na jinsi Zachariah alivyoiachia bila kuvutana, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Shikamoo, Bwana Muindi. Mimi naitwa Nasimiyu. Mimi ndiye nilitengeneza ukungu. Uko ndani. Ukifungua toleo jipya utauona."

Nasimiyu alimtazama Zachariah, akimpa nafasi ya mwisho ya kumkataza. Zachariah alitazama chini, kisha akatikisa kichwa kukubali, mara moja, na Wesonga akainama juu ya meza akaurudisha Ukungu kwa mkono wake mwenyewe, akangoja picha ijikague, akabonyeza. Toleo la pili likaenda.

"Nilisema sitaki hiyo kitu," akasema Muindi.

"Najua, mzee. Lakini pale kuna ukungu ni pale hatujui. Hakuna mtu amepima. Buluu unayoona hapo chini yake, kompyuta inakisia tu. Hata ile picha ya toleo la kwanza tuliyowapa ilikuwa inakisia, ila haikuwa inasema."

Alitarajia hasira. Alikuwa ameshajiandaa kwa hasira, amesimama miguu imeachana kidogo kama mtu anayengoja kusukumwa. Nyuma ya Muindi ilisikika ofisi, mtu akicheka, karatasi zikigongwa juu ya meza zikae sawa.

"Hiyo picha ya kwanza," Muindi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kuna shule ya msingi, kusini mwa mto, hapo kwa mlima mbili. Unaiona?"

Nasimiyu aliinamia skrini ya Wesonga. Akaizungusha ardhi kwa vidole viwili, akaushuka mto, akaiona milima miwili na nukta ndogo ya shule kati yake.

"Naiona."

"Iko ndani ya ukungu?"

Wenzake watatu walikuwa wamesogea nyuma yake, wanaangalia anachoangalia. Kulikuwa na maneno mengi laini ambayo angeweza kuyashika. Kwa kiasi fulani. Kidogo. Inategemea. Kijivu kilikuwa kizito mpaka nukta yenyewe ilionekana kwa shida.

"Iko ndani, mzee."

"Yote?"

"Yote. Kipimo cha karibu ni kilomita kumi na moja."

"Tulichimba hapo mwezi wa tatu, kwa kufuata hiyo picha yenu," akasema Muindi. "Mimi ndio niliweka sahihi. Watoto walikuja na vibuyu na mitungi siku ya kufungua, wakaimba. Tulienda chini mita mia mbili na hakukuwa na kitu. Mpaka leo wananiambia nilipotea ramani."

Zachariah alikuwa ameketi hatimaye, kwenye kile kiti cha Wesonga, miwani usoni.

"Ngoja nifunge mlango," Muindi akasema, "halafu unieleze polepole." Nasimiyu akasikia simu ikiwekwa mezani, kiti kikivutwa, na hatua za mtu mzito zikivuka chumba.